Waya wa Mama Kaari

Hotuba ya Lorna Wambura, mkuu wa kitengo cha kompyuta, katika sherehe ya kumuaga Mama Regina Kaari. Githongo, Ijumaa, tarehe 3 Desemba 1999.

Mheshimiwa Afisa wa Tarafa. Bwana Mwenyekiti wa chama chetu cha wafugaji, Mzee Kiambi. Mchungaji Ngari, uliyetufungulia kwa maombi. Daktari Njiru na wenzako wa mifugo. Ndugu wanachama kutoka Githongo, Kibirichia na kule kwetu Embu. Wageni waalikwa, mabibi na mabwana: hamjambo.

Nimewasalimu kwa vyeo, kama inavyotakiwa, na nadhani sijamruka mtu. Sasa naomba ruhusa niwasalimu mara ya pili kwa utaratibu wa huyu tunayemuaga, maana yeye kwa miaka ishirini na minane hakumhudumia mtu yeyote kwa cheo. Aliyetangulia kufika ndiye aliyetangulia. Kwa utaratibu huo salamu za kwanza ni zako, Mzee Misheck Bundi, kwa sababu nimeambiwa ulifika hapa saa moja asubuhi, viti vikiwa bado vimerundikwa, ukasaidia kuvipanga. Umeamkaje, Mzee? Na wa mwisho kabisa ni mimi, niliyetoka Embu nikachelewa kwa sababu ya mzigo niliokuja nao. Mzigo wenyewe mmeuona: amefungwa nyuma ya ukumbi na anamalizia maua ya Mchungaji. Najua mnaulizana mtamba yule ni wa nani, na kamati inajua vizuri kwamba zawadi iliyonunua ni blanketi na saa ya ukutani. Ngojeni kidogo. Foleni itafika kwake.

Waya huu mnaouona hapa mbele, kutoka msumari wa mlangoni hadi ule wa dirishani, si wa kuanika nguo, ingawa vibanio vyake ni vya nguo. Nimeufunga leo kwa mikono yangu. Wale mlioajiriwa juzi hamuujui, kwa hivyo niwaeleze. Kabla ya kompyuta, mfugaji mwenye shida alikuja dirishani kwa Mama Kaari akaisema, na Mama akaiandika kwenye kipande cha karatasi ya kaki alichokata kutoka mifuko ya chakula cha ng'ombe, akakibana upande wa mlango. Vilivyotangulia vikasogezwa kuelekea dirishani, na daktari akirudi na pikipiki yake alianza na cha dirishani. Shida ya haraka ilifungwa uzi mwekundu, ikaziruka nyingine zote. Shida ya baadaye, kama ng'ombe wa kupimwa mimba baada ya miezi mitatu, ilikaa kwenye msumari wa juu na kushuka siku yake ilipofika. Na karatasi ambayo mwenyewe hakupatikana, labda ametoa jina la ubatizo na kijijini wanamjua kwa lingine, iliingia kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Mama aliufungua mkebe huo kila Jumamosi, akasoma moja moja, na Jumapili akaulizia kanisani mpaka mwenye ng'ombe akajulikana.

Lakini kanuni iliyowasumbua wengi ilikuwa ile ya kona. Daktari akishasoma karatasi alichana kona yake moja, akaiacha palepale kwenye waya. Hakuruhusiwa kuondoka nayo. Kona iliyochanwa maana yake ni nimesoma, basi. Karatasi yenyewe ilitoka kwenye waya siku daktari aliporudi na kusema kazi imefanyika. Daktari Njiru alipokuwa mgeni hapa aliitia karatasi mfukoni akawasha pikipiki, na Mama akamfuata mpaka nje. Akamwambia, "Daktari, hebu rudisha. Ukianguka mtoni na hiyo karatasi mfukoni, mimi nitajuaje kuna mtu anangoja?" Naona unacheka, daktari, lakini nimeambiwa siku ile hukucheka.

Mwaka wa tisini na saba nilipelekwa Nairobi wiki mbili kujifunza hifadhidata mpya, yaani lile kabati kubwa la kumbukumbu lililo ndani ya kompyuta. Hili kabati jipya lilikuja na kitu ambacho la zamani halikuwa nacho: foleni za ujumbe. Mtu anaweka ujumbe wake kwenye foleni, anaenda zake, na ujumbe unakaa pale salama, hata stima ikipotea, mpaka aliyetumiwa atakapouchukua. Unaweza kuuambia upite mbele kwa sababu ni wa haraka. Unaweza kuuambia ungoje mpaka siku fulani. Na ujumbe ukishindwa kabisa kufika, haupotei, unahamishwa kwenye foleni yake ya pembeni ili mtu aje auangalie. Jamani, nilirudi kutoka Nairobi kichwa kimevimba. Nilishuka hapa Githongo na karatasi za mafunzo kwapani kuja kumfundisha Mama Kaari.

Alinisikiliza saa nzima, mikono mapajani. Nilipomaliza akauliza swali moja tu: "Na kona inachanwa wapi?"

Sikuelewa. Akanipeleka kwenye waya, akanionyesha kama nilivyowaonyesha ninyi, na nikaona mambo yangu yote ya Nairobi yamebanwa ukutani kwa vibanio vya nguo. Majivuno yakaniisha, na yeye hakunicheka. Nikamwambia, Mama, kona ipo. Kompyuta ikimpa mtu ujumbe, haiufuti mpaka mtu huyo athibitishe. Akasema, "Basi hiyo ni kazi nzuri. Nionyeshe." Na tangu siku ile, kwa miezi mitano, foleni zile tulizitengeneza wawili. Mimi niliandika programu, yeye akaniambia ni shida gani inaruka nyingine na ni ipi inaweza kulala. Msiseme Mama Kaari aliogopa mashine. Aliandika kwa kidole kimoja, na kila mara kabla ya kubonyeza alitaja jina la mfugaji kwa sauti, kama mtu anayemuita ndani. Waya aliuteremsha mwenyewe. Akauviringa akanipa, akasema, "Mwari, kaa nao." Mwari ni binti, kwa Wameru na kwetu Embu vilevile, na mimi mama yangu alifariki nikiwa darasa la sita. Mnaelewa neno hilo lilinifanya nini.

Sasa, ndugu wanachama, mnajua jinsi mfumo wetu ulivyopangwa, na kama hamjui mtacheka. Mfugaji wa hapa Githongo anapiga simu Meru mjini. Karani wa Meru anaandika, na ujumbe unasafiri mpaka Embu, kwenye kompyuta kubwa ninayoitunza mimi, ukaingie foleni huko. Kisha kompyuta ya Githongo inapiga simu Embu, inauchukua ujumbe, na daktari aliyekuwa ameketi hapa muda wote anaambiwa kuna ng'ombe mgonjwa kule ng'ambo ya pili ya bonde. Ndivyo wafadhili walivyotaka. Lakini ulifanya kazi, na ulifanya kazi vizuri, mpaka tulipopata wageni.

Tunajijua sisi. Mgeni mkubwa akija, tunapaka mawe chokaa. Tarehe mbili Aprili, mwaka jana, mfumo ulikuwa unafunguliwa rasmi kule Embu, na siku moja kabla Mwenyekiti alipita kukagua. Akaiona skrini. Akauliza, "Mbona hapa kuna sita? Hii kazi imetushinda?" Nikamweleza kwamba hizo ni shida sita zilizokwisha kusomwa, zinangoja tu daktari athibitishe. Akasema, "Mgeni hatajua hayo. Mgeni ataona sita." Bwana Mwenyekiti, sikulaumu kwa hilo, uliuliza kama mtu anayefagia uwanja. Kilichofuata nilikifanya mimi. Ndani ya ule mfumo kuna mahali pa kuchagua: ujumbe ufutwe pale msomaji anapothibitisha, au ufutwe palepale unapotolewa kwenye foleni. Nilichagua ufutwe palepale. Skrini ikaandika sifuri, mgeni akapiga makofi, mimi nikapigwa picha nikiwa na nywele zilizotengenezwa saluni ya mtaani kwangu Majimbo tangu alfajiri. Nilikuwa nimeondoa kona ya Mama Kaari ili kompyuta ipendeze.

Nilijiambia nitairudisha kesho yake. Kesho yake ikaja na kazi zake, na wiki ikaja na zake.

Alhamisi, tarehe ishirini na tatu mwezi uleule, mvua ile mnaikumbuka. Ng'ombe wa Mzee Bundi, Makena, alianza kuzaa saa tano na ndama akawa amekaa vibaya tumboni. Mkaza mwana wake, Kanana, alikimbia kwenye matope mpaka kiwanda cha kahawa, akapiga simu Meru kama bango letu lilivyomwelekeza. Karani akaandika vizuri, akauweka kuwa wa haraka. Ulifika Embu saa nane na dakika kumi. Saa nane na dakika kumi na moja kompyuta ya Githongo ikauomba, na ya Embu ikautoa, ikaandika umesomwa, ikaufuta. Na wakati huohuo mvua ikakata simu. Ujumbe wa Kanana haukuwa Embu tena, na Githongo haukufika. Daktari Njiru alikuwa ameketi hapa na buti zake miguuni, na Mama Kaari alikuwa anaitazama skrini isiyo na kitu. Makena na ndama wake walikufa kabla ya saa kumi na mbili.

Mzee Bundi, wewe ulikuja kesho yake kwa miguu. Nimeambiwa hukupaza sauti. Ulisimama dirishani, kofia mkononi, ukauliza tu, "Hamkusikia?"

Kamati ilikaa Jumatatu. Mimi ndiye niliyeleta karatasi kutoka Embu, niliichapisha mwenyewe, na ilisema: umesomwa, Githongo, saa nane na dakika kumi na moja. Mwenyekiti akamuuliza Mama kama aliusoma. Alisema hakumbuki kuuona. Akaulizwa tena, na karatasi ikawekwa mbele yake. Akaisoma mstari kwa mstari kwa kidole. Kisha akasema, na maneno haya ninayasikia hata nikiwa napika, "Kama kompyuta inasema nilisoma, basi nilisoma nikasahau. Nimezeeka."

Nilikuwa nimeketi viti viwili kutoka kwake. Siku ile bado sikujua kosa ni langu, Mungu anajua, na hilo ndilo jambo pekee ninaloweza kujitetea nalo leo, na haliendi mbali.

Aliondolewa kwenye meza ya ujumbe akapelekwa stoo, kutoa chumvi ya ng'ombe na vitambaa vya kuchujia maziwa. Hakulalamika. Jumamosi yake alimfungua mtamba wake wa pekee, akamtembeza mpaka kwako, Mzee Bundi. Ulimkatalia. Ulimwambia ng'ombe alikufa kwa siku yake. Yeye akamfunga kwenye mti wako wa parachichi akaondoka bila hata kunywa chai.

Nilijua lini? Nilijua mwezi wa sita. Ujumbe mwingine ulipotea, mdogo tu, wa dawa ya kupe kule Kibirichia, na safari hii karani alikuwa na hakika, akanipigia kelele. Nikaingia ndani ya mfumo kutafuta, na nikakuta alama ya mkono wangu. Kurudisha mpangilio wa zamani kulinichukua dakika nne. Dakika nne, ndugu zangu, na tangu siku hiyo hakuna ujumbe uliopotea, na mmenisifu kwa hilo katika mikutano miwili mikuu.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza swali hilo kuliko mtakavyoniuliza ninyi. Wiki ileile nilikuwa nimeandikiwa barua ya kupandishwa cheo. Nikasema nitangoja niizoee kazi. Halafu nikasema nitangoja mkutano mkuu upite. Halafu nikasema, mbona Mama ameshatulia stoo, kwa nini nimfukulie yaliyopita? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi ukuta huu nimeujenga mwaka mmoja na nusu, kila siku tofali moja la kutosema.

Na muda huo wote, yeye alikuwa ananitumia viazi. Kila gari la chama lililokwenda Embu lilishusha mfuko mlangoni kwangu, viazi vya shamba lake la Kibirichia, na karatasi ya kaki imeandikwa "wa Lorna". Nilivila. Mwezi wa tatu mwaka huu nilipojifungua, alipanda basi, mama wa miaka hamsini na minne, akaja Majimbo na kiondo cha unga wa uji na kuku wawili. Akamwogesha mtoto. Alipokuwa anamfuta maji, akaniambia bila kuniangalia: "Mwari, nimekuwa nikitaka kukuomba msamaha. Ile mashine yetu niliiharibia jina. Watu walisema kompyuta imeua ng'ombe, na kumbe ni kichwa changu."

Mimi niliyeua ng'ombe nilikuwa nimeketi kitandani nimekunywa uji wake. Unajua nilimjibu nini, Mchungaji? Nilimwambia, "Ni sawa, Mama, yamepita." Nilimsamehe. Nilimsamehe mtu kwa kosa langu mwenyewe, na akashukuru.

Baadaye, akiondoka, niliuona mkono wake alipokuwa akinipungia. Kiganjani alikuwa ameandika kwa kalamu: funga mlango, zima moto, basi la saa nane. Siku nyingine nikamuuliza mkaza mwana wa Mama, akaniambia Mama hufanya hivyo tangu mwaka jana. Anaandika kila kitu. Usiku anaamka mara mbili kuhakikisha amefunga zizi, na zizi limefungwa. Mtu aliyebeba kichwani ng'ombe wa tarafa nzima, mama zao, mimba zao na majina ya wenyewe, alikuwa hakiamini tena kichwa hicho kumkumbusha kufunga mlango.

Nilidhani nimemnyang'anya meza tu. Kumbe nilimfanya aogope akili yake mwenyewe, na kesho kutwa angekwenda nayo hofu hiyo nyumbani Kibirichia, akazeeke nayo.

Bwana Mwenyekiti, jana nilikuja ofisini kwako nikakueleza yote haya. Ulinisikiliza kama baba, na ulinishauri niandike barua, isomwe kwenye kamati mwezi wa kwanza, tusiharibu sherehe. Naona unaitazama saa yako. Nisamehe, Mzee wangu. Mama huyu hakuhukumiwa kwa barua. Alihukumiwa mbele ya watu, na wengi wao wako hapa na sahani zao magotini. Barua yangu iko mezani kwako vilevile, na mtakaloamua juu ya kazi yangu amueni, sitabisha. Lakini kwanza naomba niseme kwa sauti, na yeyote aliye karibu na mlango awaambie walio nje.

Mama Regina Kaari hakusahau. Ujumbe wa Mzee Bundi haukumfikia. Hakuusoma, hakuupuuza, hakuupoteza. Niliupoteza mimi, Lorna Wambura, kwa kutaka sifa mbele ya mgeni. Nimepekua kila daftari lililobaki na kila foleni ya miaka yake ishirini na minane, nikitafuta hata shida moja ya mfugaji aliyoisahau mama huyu. Nilitaka niipate, ili nipumue. Haipo.

Mama, usinitikisie kichwa. Najua unachotaka kusema. Kichwa chako ni kizima. Kiganja chako kioshe.

Mzee Bundi, na kwako pia, pole. Pole ya Makena, na pole kwa kukuacha uamini kwamba Mama ndiye aliyekusahau. Nimesikia mtamba aliyekuachia amezaa mara moja sasa na anatoa maziwa. Usimrudishe, tafadhali, huyo ni wako. Yule aliye nyuma ya ukumbi ndiye wa Mama Kaari. Si zawadi ya kamati, wala si zawadi yangu. Mtu hapewi zawadi ya kitu alichonyang'anywa. Alizaliwa Januari, mama yake ni mtulivu, na Daktari Njiru amempima akasema ni mzima. Leo jioni gari la chama litampeleka Kibirichia, na mimi nitakaa naye nyuma, kwa hivyo yule dereva aliyeomba tupitie sokoni asahau hayo.

Ndugu wanachama, wengi mnaniuliza siku hizi kama kompyuta zitazimika mwaka wa elfu mbili ukiingia. Sidhani. Lakini nimejifunza kitu kuhusu mashine yangu ambacho Nairobi hawakunifundisha. Kompyuta ile haikusema uongo mwaka jana. Iliulizwa kama imeutoa ujumbe, ikasema ndiyo, na kweli iliutoa. Sisi ndio tuliokubali kwamba kutoa ni kufika. Mama Kaari alikuwa ameuliza siku ya kwanza kona inachanwa wapi, na mimi nikamjibu, kisha nikaiondoa mgeni alipokuja. Kwa hivyo ninyi vijana mtakaoketi pale kwenye meza yake, mkiona skrini imeandika sifuri, msifurahi haraka. Inukeni, mkamuulize daktari kama ng'ombe amesimama.

Nimebakiza jambo moja, kisha nitaketi. Mama, hapa kwenye waya, upande wa mlango, nimebana karatasi moja. Ni ya kaki, nimeikata kutoka mfuko wa chakula, na imefungwa uzi mwekundu, ingawa imechelewa mwaka na nusu. Nimeiandika kwa mkono. Haina maneno mengi. Inasema nilichokifanya, inasema nakuomba msamaha, na chini kuna jina langu.

Kwa kanuni yako, mimi niliyeiweka siwezi kuiondoa. Wala Mwenyekiti hawezi, wala Mchungaji kwa maombi yake. Itatoka kwenye waya siku kazi yake itakapokuwa imefanyika, na kazi hiyo ni ya moyo wako, sikuharakishi. Ikikaa mwaka, ikae. Ikikaa kuliko umri wangu, nitakuwa nimeelewa. Nitauviringa waya huu nao utakwenda nawe Kibirichia, karatasi ikiwa juu yake.

Leo nakuomba kidogo tu. Usinisamehe leo. Chana kona, nijue imekufikia.

Mheshimiwa Afisa wa Tarafa, Bwana Mwenyekiti, ndugu zangu wote, nawashukuru kwa kunitegea sikio mpaka hapa. Mama, waya ni huu. Nimesimama nangoja.